Siti binti Saad: muuza vyungu wa Fumba aliyeimba habari za watu

Wasikilizaji wetu wengi wanamjua Siti binti Saad kwa jina tu, kwa sababu kila anapotajwa mwanzo wa taarabu ya Kiswahili yeye hutajwa. Maisha yake yalianzia shamba, mbali na ukumbi wa muziki.

Alizaliwa kijiji cha Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, na utumwa ulikuwa bado haujapigwa marufuku Zanzibar. Ulifutwa kisheria mwaka 1897. Mtoto akaitwa Mtumwa, jina lililoeleza hali aliyozaliwa nayo. Siti ni jina la ukubwani, neno la heshima kwa mwanamke lenye asili ya Kiarabu. Tunadhani safari ya kutoka jina lile hadi hili inaeleza mengi kuliko sifa zote alizopewa baadaye.

Shule hakusoma. Kwa mama yake alijifunza kufinyanga, na vyungu vikishachomwa alivibeba kwa miguu kwenda kuviuza mjini. Njiani aliita wateja kwa kuimba, na watu wakaanza kuijua sauti kabla ya kuona chungu. (Anayeuza samaki au mboga kijijini kwenu anajua sauti nzuri inavyosaidia biashara.)

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na mwanamuziki Ali Muhsin, aliyemfundisha uimbaji na ala. Wakati huo taarabu ilikuwa muziki wa wakubwa. Sultani Barghash ndiye aliyeileta kutoka Misri, ikaimbwa kwa Kiarabu, na waimbaji na wapigaji wakawa wanaume. Siti akaiimba kwa Kiswahili. Mpishi, mchukuzi na mfinyanzi wakaelewa kila neno. Baadaye aliimba hata katika jumba la sultani, lakini jioni nyingi wanamuziki wenzake, akina Subeti Ambar, Buda bin Swedi, Mbaruku na Maalim Shaabani, walikusanyika nyumbani kwake Ng'ambo, mtaa wa watu wa kawaida. Walipiga muziki, wakazungumza yaliyotokea mjini, na mazungumzo yakageuka nyimbo.

Hapa ndipo sisi wa redio tunapomwona kama mtu wa kazi yetu. Wimbo wa Kijiti ulihusu mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja akiwa mjamzito. Muuaji alivuka bahari kukimbilia bara, na wanawake waliokwenda mahakamani kutoa ushahidi ndio walioadhibiwa. Wimbo mwingine ulimhusu karani aliyewadhulumu wanyonge wasiojua kusoma, akaishia kifungoni. Ukumbuke kwamba mahakimu walikuwa watu wa serikali ya kikoloni, na mwimbaji ni mwanamke asiye na ukoo wa kumlinda. Wapo waliomtukana kwa asili yake na sura yake. Aliwajibu kwa wimbo, akaendelea na kazi.

Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice ilimpeleka Bombay, India, pamoja na kundi lake, kurekodi sahani za santuri. Ni miongoni mwa waimbaji wa kwanza kabisa wa Afrika Mashariki kurekodiwa, na kwa wanawake ndiye aliyetangulia. Sahani zile zilivuka hadi pwani ya Kenya na Tanganyika. Watu walikusanyika mikahawani na penye gramafoni kusikiliza, wengi wao wakisikia kwa mara ya kwanza Kiswahili chao kikitoka ndani ya mashine. Redio ya kijijini ilikuwa bado haijafikiriwa.

Alizeeka akiwa bado mwimbaji. Shaaban Robert alimtembelea akazungumza naye muda mfupi kabla ya kifo chake, na kutokana na mazungumzo hayo tunacho kitabu cha Wasifu wa Siti Binti Saad. Alifariki Julai 1950, umri wake ukikaribia miaka 70.

Bi Kidude, ambaye wengi wenu mlimsikia akiwa hai, alijifunza nyimbo zake tangu utotoni. Na Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania kilipoanzisha jarida lake, kililiita Sauti ya Siti.