Tippu Tip kwenye Lualaba

Kila nikivuka Lualaba kwa mtumbwi hapa Kindu, humkumbuka Hamed bin Muhammad al-Murjebi, yaani Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja aliyefia huko huko mwaka 1905. Wengine husema jina hilo ni mlio wa bunduki zake, wengine kupepesa kwa macho yake. Mimi nadhani watu wa huku walisikia bunduki kwanza.

Alikuja Maniema kutafuta pembe za ndovu, akaweka ngome yake Kasongo. Mwaka 1876 Stanley alimwahidi dola 5,000 amsindikize vituo 60 kuteremka mto ambao hakuna mgeni aliyejua unaishia wapi. Novemba waliondoka Nyangwe. Stanley alishuka kwa mashua yake, Lady Alice, akapita ilipo Kindu leo. Tippu Tip na watu wake walipasua msitu kwa miguu, ndui ikawaua njiani. Desemba akageuka nyuma. Mwenzake aliendelea hadi baharini.

Mwaka 1887 alirudi kupitia mdomo wa mto, akapanda hadi Kisangani, safari hii akiwa liwali wa Mfalme Leopold.

Uzeeni aliandika maisha yake kwa Kiswahili. Nimeyasoma mara mbili. Pembe anazihesabu kwa frasila. Waliozibeba hawana majina. Kiswahili cha kwetu kilifika na misafara ile. Bibi yangu hukiita Kingwana, lugha ya waungwana, yaani watu wasio watumwa.