Alleta Sullivan, Mama wa Mabaharia Watano

Wapo kati yetu akina mama ambao watoto wao wamevaa sare za jeshi la nchi hii. Tunawaona wakikaa na simu mkononi hata wakati wa mahubiri, na hatuwalaumu. Juma hili tumemkumbuka mama mwenzao, Alleta Sullivan wa Waterloo, Iowa.

Alikuwa Mkatoliki, mke wa Thomas, mfanyakazi wa reli. Ukoo wa mumewe ulitoka Ireland, wahamiaji kama sisi. Walikuwa na binti, Genevieve, na wavulana watano: George, Frank, Joe, Matt na Al. Rafiki yao alipouawa Pearl Harbor Desemba 1941, wote watano walijiunga na Jeshi la Majini mwezi uliofuata, kwa sharti moja tu, wasitenganishwe. Al, mdogo wao, alikuwa tayari na mke na mtoto mchanga, Jimmy.

Wakapangwa meli moja, Juneau. Tarehe 13 Novemba 1942, karibu na Guadalcanal, ilipigwa topido ikazama mara moja. Ilikuwa na watu karibu 700. Waliookolewa baharini ni 10.

Habari hazikutangazwa. Huko Waterloo barua zilikoma tu, kisha uvumi ukaanza. Januari 1943 Alleta aliliandikia jeshi kuuliza kama ni kweli. Aliandika kwa adabu, akaomba radhi kwa kuwasumbua. Hapo ndipo tunapoishiwa maneno: mama wa watoto watano anaomba radhi kwa kuuliza waliko! Alieleza pia kwamba ameombwa kuzindua meli huko Portland, na kwamba ataizindua, liwe liwalo, maana wanawe wangependa hivyo.

Asubuhi ya tarehe 12 Januari maofisa walibisha hodi, Thomas akijiandaa kwenda kazini. Aliuliza ni yupi. Wakamwambia ni wote. Kwanza walitajwa kuwa hawajulikani walipo, neno linalomwachia mama mlango nusu wazi usiku kucha. Thomas alikwenda kazini siku hiyo hiyo.

Mwezi uliofuata Alleta aliizindua meli ya Portland kama alivyoahidi. Aprili akazindua nyingine San Francisco, iliyopewa jina la wanawe, The Sullivans. Yeye na mumewe wakazunguka viwanda vya vita wakihutubia wafanyakazi. Wapo wanaosema serikali ilimtumia, na huenda ni kweli. Sisi tunamwona pia mama aliyepata mahali pa kuwataja wanawe mbele za watu, badala ya kubaki nyumbani na vitanda vitupu. Genevieve naye alijiunga na Jeshi la Majini mwaka huohuo. Hebu fikirini moyo wa mama yake.

Alleta alifariki mwaka 1972. Meli ya pili ya The Sullivans ilishushwa majini mwaka 1995, na aliyeizindua ni binti wa Jimmy.