Joseph Whitworth, fundi aliyepatanisha bulo na ekru

Wandugu wa Misisi, Lubondja na Baraka, shida hii tunaijua wote: motopompe inasimama, maji yanapanda shimoni, tunaleta ekru mpya, inazunguka mara mbili kwenye bulo, kisha inakwama. Leo tunaeleza maisha ya mtu aliyepigana na shida hiyo.

Joseph Whitworth alizaliwa Stockport, Uingereza, mwaka 1803. Baba yake alikuwa mwalimu. Mama yake alifariki Joseph akingali mtoto. Ujana wake ulipita ndani ya atelie. Alifanya kazi London kwa Henry Maudslay, fundi mkubwa wa mashini, na mwaka 1833 akafungua atelie yake mwenyewe Manchester.

Wakati ule kila atelie ilichonga meno ya bulo kwa kipimo chake. Bulo ikivunjika, unarudi kwa fundi yule yule, naye anakukata bei anavyotaka. Whitworth akakusanya bulo za atelie nyingi, akazipima, akatafuta kipimo cha katikati. Mwaka 1841 akakitangaza: pembe ya meno ni digrii 55, na kila unene una hesabu yake moja ya meno. Kampuni za reli zikakipokea, wengine wakafuata.

Mwaka 1864, William Sellers wa Marekani akatoa kipimo kingine, cha digrii 60. Bulo zetu za milimita nazo ni digrii 60. Njo maana bulo ya nusu inchi ya Whitworth iko na meno 12 kwa inchi, ya Marekani iko na 13, na ile ya milimita 12 inasogea milimita 1.75 kila mzunguko. Kwa macho zinafanana. Lakini ukilazimisha na kle, meno yanakwisha, na siku mashini inatetemeka, chuma kinaruka juu ya mtu wetu.

Whitworth alipata mali nyingi. Mwaka 1868 akatoa pesa za kusomesha mafundi vijana. Alikufa Monte Carlo mwaka 1887.

Sisi tunashika neno moja: kipimo kikijulikana na wote, hakuna wa kumfunga mwenzake. Basi kila kikundi kidai kichana cha kupimia meno. Na kabla ya kukaza, zungusha ekru kwa vidole. Ikikataa, iache.