Fermat, jaji wa pambizoni, na sahihi yako kwenye PDF

Siku hizi ukitumiwa mkataba wa kazi kwa barua pepe, huendi tena saiba kuuprinti. Unaufungua kwenye kompyuta, unapaka njano pale usipoelewa, unaandika swali lako pembeni, unabandika sahihi chini na kuurudisha. Dakika tano, kazi imeisha. Sasa kabla hujabonyeza kile kitufe cha mwisho, nataka nikujulishe kwa mzee mmoja Mfaransa aliyefariki mwaka 1665. Aliandika maneno machache pembeni mwa kitabu, akaacha watu wanakuna vichwa kwa zaidi ya miaka 350. Tena hesabu zake ndizo zinalinda sahihi nyingi za kidijitali leo. Jina lake ni Pierre de Fermat.

Fermat alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 17 huko Beaumont-de-Lomagne, mji mdogo kusini-magharibi mwa Ufaransa. Babake aliuza ngozi, na pesa hazikuwa shida. Kijana akasomea sheria kule Orléans, na mwaka 1631 akanunua cheo katika mahakama kuu ya Toulouse. Ndiyo, alinunua. Enzi hizo Ufaransa vyeo vya mahakama viliuzwa peupe, na hicho cheo ndicho kilimpa ruhusa ya kuongeza hiyo "de" kwenye jina. Mwaka huohuo akamwoa Louise de Long. Tangu hapo riziki yake ilikuwa kusikiza kesi, kusoma mafaili na kutia sahihi hukumu. Yaani huyu mtu alijua vizuri uzito wa karatasi iliyotiwa sahihi.

Hesabu alifanya akitoka kazini, vile wewe unacheza gemu. Hakuwa profesa wa hesabu, na hakuna kitabu cha hesabu alichowahi kuchapisha kwa jina lake. Mimi niliyeachia chuo katikati, huyo mzee ananibamba sana. Alichofanya ni kuandika barua tu. Kule Paris kulikuwa na mtawa anaitwa Marin Mersenne, ambaye alipokea barua za wasomi na kuzisambaza kwa wengine, kama admin wa kundi la WhatsApp. Kupitia barua Fermat alizozana na Descartes. Kupitia barua pia, mwaka 1654, yeye na Blaise Pascal walijadili namna ya kugawana pesa za mchezo wa kamari uliokatizwa, na hapo ndipo hesabu za uwezekano zilipoanza kushika. Ndizo hesabu ambazo leo kampuni za kubeti zinatumia kukula pesa zako.

Lakini alikuwa na tabia ya kuudhi. Alitoa jibu bila kuonyesha kazi. Mwalimu wako wa hesabu angemnyima maksi kila wiki.

Kitabu alichokipenda ni Arithmetica cha Diophantus, Mgiriki wa kale, katika chapa ya mwaka 1621 iliyotolewa na Bachet. Fermat alikuwa akisoma huku anaandika maoni yake pambizoni. Karibu mwaka 1637 alifika mahali panapozungumzia vipeo. Wewe unajua 3 mara 3 ukijumlisha na 4 mara 4 unapata 25, ambayo ni 5 mara 5. Fermat akaandika kwamba ukipanda kutoka kipeo cha pili kwenda cha tatu, cha nne au chochote cha juu zaidi, hutapata kamwe nambari tatu nzima zinazokubaliana hivyo. Kisha akaongeza kwamba ana uthibitisho mzuri ajabu, ila nafasi ya pembeni haitoshi kuuandika. Akafungua ukurasa mwingine, maisha yakaendelea.

Mwaka 1653 tauni ilimpata, na rafiki mmoja akatangaza kwamba amekufa. Baadaye akalazimika kusahihisha habari. Fermat aliishi hadi Januari 12, 1665, alipofariki mjini Castres akiwa huko kwa shughuli za mahakama.

Sasa jiulize, ile nakala ya kitabu iko wapi? Ilipotea. Tunajua maneno yale kwa sababu mwanawe, Samuel, aliketi akanakili maoni ya babake na kuyachapisha pamoja na kitabu chenyewe mwaka 1670. Bila huyo kijana, kila kitu kingepotea na kitabu.

Wataalamu wakaanza kuutafuta ule uthibitisho. Karne baada ya karne, wapi! Mpaka Juni 1993, Andrew Wiles, Mwingereza aliyekutana na swali hilo akiwa na miaka 10, alisimama Cambridge na kutangaza amelipata jibu. Likakutwa na pengo. Akarudi kulihangaikia akisaidiwa na Richard Taylor, na mwaka 1995 uthibitisho ukachapishwa. Ulikuwa mrefu kupita kiasi na ulitumia hesabu ambazo hazikuwepo enzi za Fermat, ndiyo maana wengi wanaamini mzee alikuwa amejidanganya. Kwa miaka yote hiyo, watu walikuwa wameshikilia neno lake tu.

Mwezi huohuo wa Juni 1993, kampuni ya Adobe ilikuwa ikizindua PDF. Na hapa ndipo mambo yako yanaingia. Maoni unayoandika pembeni mwa PDF yanakaa kama safu nyingine juu ya ukurasa. Hayajaingia ndani ya mkataba. Mwenye programu ya kuhariri anaweza kuyafuta, na mara nyingi faili ikiprintiwa hayatokei kabisa. Kwa hivyo ukiandika pembeni kwamba mlikubaliana deposti itarudishwa ukihama, halafu ukasaini, unachotegemea ni neno la mtu, kama wale waliomtegemea Fermat. Mwambie mwenye nyumba abadilishe kifungu chenyewe, akutumie upya, ndipo usaini. Nakala yenye maoni ihifadhi pia, kama Samuel.

Na sahihi je? Turudi nyuma hadi Oktoba 1640. Fermat alimwandikia Frénicle de Bessy barua yenye kanuni moja fupi. Chukua nambari tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na yenyewe. Tuseme 7. Zidisha 2 kwa yenyewe hadi ziwe 2 saba: unapata 128. Toa 2, inabaki 126, na 126 inagawanyika kwa 7 bila baki. Jaribu na 5, jaribu na 11, itakubali. Uthibitisho? Alisema angeutuma kama si kuogopa kwamba ni mrefu. Ni yuleyule! Euler ndiye aliyeuchapisha karne iliyofuata, kisha akaipanua kanuni hiyo.

Kwa zaidi ya miaka 300 ilionekana kama mchezo wa watu wasio na shughuli. Halafu mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman, wakiwa MIT kule Marekani, wakajenga juu yake mfumo wa RSA. Kwa sahihi, mfumo unaenda hivi. Una funguo mbili, mmoja wa siri na mwingine wa kila mtu. Kompyuta inaisaga hati yako yote iwe nambari moja ya kuitambulisha, kisha inaifunga nambari hiyo kwa ufunguo wako wa siri. Yeyote mwenye ufunguo wa wazi anaweza kupima kama imetoka kwako. Mtu akibadilisha hata koma moja kwenye mkataba, hesabu inakataa.

Ukichora jina kwa kipanya au ukibandika picha ya sahihi, hiyo ni picha tu. Mtu anaweza kuikata na kuibandika kwenye hati ya mkopo usioujua. Kenya, marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 yaliingiza sahihi za kielektroniki kwenye sheria ya mikataba. Ila ile ya kiwango cha juu lazima iwe imefungwa kwako, iwe chini ya udhibiti wako peke yako, na mabadiliko yoyote ya baadaye yaweze kugunduliwa. Picha peke yake haifikii hapo. Kwa hivyo hati ikiwa nzito, uliza kama kuna cheti cha kidijitali nyuma ya hiyo sahihi.

Kuna kingine. Fermat aliamini kwamba nambari 3, 5, 17, 257, 65537 na nyingine za mtindo huo zote ni tasa, milele. Alikosea: mwaka 1732 Euler alionyesha kwamba inayofuata, 4,294,967,297, inagawanyika kwa 641. Lakini hiyo 65537 ni tasa kweli, na kompyuta inaipenda kwa sababu inarahisisha hesabu. Ukipata PDF iliyosainiwa kwa RSA, fungua maelezo ya cheti uangalie ufunguo wa wazi. Mara nyingi utaikuta hapo, 65537, nambari ya jaji wa Toulouse ambaye hakupenda kuonyesha kazi, ikikuwezesha wewe kukagua kazi ya mtu mwingine bila kutegemea neno lake.