Tippu Tip na Watu Waliobeba Mizigo Yake



Katika masomo ya historia tunajifunza namna Wamarekani weupe walivyosonga kuelekea magharibi katika karne ya 19. Kila walipotwaa inchi mpya walibishana: je, itakuwa inchi ya watumwa ao hapana? Mwaka wa 1820 walipatana na kuchora mpaka. Mwaka wa 1854 mapatano yale yakavunjwa, na mwaka wa 1861 vita ikawaka. Utumwa ulikomeshwa kwa sheria mwaka wa 1865.

Wengi wetu tunaona kwamba ni maneno ya mbali. Kumbe miaka ile ile kulikuwa watu wengine waliosonga kuelekea magharibi, na magharibi yao ilikuwa huku kwetu Kongo. Aliyejulikana kuwapita wote ni Tippu Tip.

Jina lake la kweli ni Hamed bin Muhammed el Murjebi. Alizaliwa Unguja karibu na mwaka wa 1837, naye alikuwa na damu ya Kiarabu na ya Kiafrika pamoja. Baba yake alikuwa mfanyabiashara huko Tabora. Hamed alianza safari akingali kijana, na mwaka wa 1867 alimshinda mfalme Nsama wa Itabwa, akapata pembe nyingi sana. Watu wakamwita Tippu Tip, na yeye mwenyewe alieleza kwamba jina hilo linafuata mlio wa bunduki zake.

Kisha akaingia Manyema. Kwa Watetela alidai kwamba yeye ni wa ukoo wa mfalme wao, na mzee Kasongo Rushie akamwachia utawala. Mji wa Kasongo ukawa makao yake makubwa. Alimsaidia Livingstone mwaka wa 1867, na mwaka wa 1876 alimsindikiza Stanley kushuka mto kutoka Nyangwe. Bila yeye, wale Wazungu wangepata shida sana.

Sasa tujiulize: mali ile ilitembea namna gani? Ile wakati hapakuwa motokari wala reli. Pembe ilibebwa begani mwa mtu, miezi na miezi, mpaka pwani. Wengine walikuwa wapagazi wa mshahara, wengine walikuwa watumwa waliokamatwa vijiji vyao vikichomwa.

Hapa ndipo Marekani na Manyema zinakutana. Kitambaa walichobeba wafanyabiashara ili kununua pembe kiliitwa merikani, kwa sababu kilitoka katika viwanda vya Marekani. Kabla ya vita yao, pamba ya viwanda vile ililimwa na watumwa weusi wa kusini. Na pembe nyingi za Unguja zilikwenda jimbo la Connecticut, mahali walipozikata kuwa vibao vya piano. Basi mtumwa wa kule alilima pamba, mtumwa wa huku alibeba pembe, na hawakujuana hata kidogo.

Mabishano juu ya utumwa yalifika kwetu vilevile. Mwaka wa 1871 Livingstone aliona kwa macho yake namna watu wa wafanyabiashara walivyowapiga risasi wanawake katika soko la Nyangwe. Habari ile iliwachoma Waingereza moyo, na mwaka wa 1873 soko la watumwa la Unguja likafungwa. Lakini huku bara kazi iliendelea.

Halafu akaja Leopold wa Pili, mfalme wa Ubelgiji, akisema kwamba anataka kuzima biashara ya watumwa. Na alimwajiri nani? Tippu Tip mwenyewe! Mwaka wa 1887 alimfanya liwali wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, kwa mshahara wa paundi 30 kwa mwezi. Tippu Tip alirudi pwani, akafika Unguja mwaka wa 1891. Hakuyaona Manyema tena. Vita kati ya Dola la Leopold na Waarabu ilianza mwaka wa 1892. Nyangwe na Kasongo zilianguka mwaka wa 1893, na mwana wake Sefu akauawa. Lakini raia hawakupumzika. Leopold aliwalazimisha watu kutafuta mpira porini, na waliokosa kutimiza kipimo waliadhibiwa vikali.

Tippu Tip aliandika maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, akafa Unguja mwaka wa 1905, tajiri wa mashamba. Katika kitabu chake anayesema ni bwana. Wapagazi hawasemi. Marekani ilikuwa tofauti kidogo: Frederick Douglass, aliyetoroka utumwa, aliandika kitabu chake mwaka wa 1845, na wenye watumwa hawakuweza tena kubishana peke yao.

Wengine kati yetu wanasema tumshukuru Tippu Tip, kwa sababu Kiswahili tunachosema hapa Lac Vert, sokoni na kanisani, kilipenya Kongo na misafara. Wengine wanasema hastahili shukrani hata moja. Sisi tunaona hivi: kweli, misafara ilileta lugha. Lakini waliokisema njiani, wakakifundisha watoto wao mpaka kikaitwa Kingwana, ni wapagazi, waungwana na mateka. Lugha hii ni urithi wa wale waliobeba mizigo. Tusiione haya, wala tusimpe mtu mmoja sifa yake.

Kila mara tunaposoma kwamba mtu fulani alifungua inchi, tuulize mzigo ulikuwa begani mwa nani. Na tunaomba kila mwanafunzi awaulize wazee wa kwao juu ya misafara ile na kazi ya mpira, aandike anachosikia. Douglass aliandika mwenyewe. Wetu hawakuandika, basi tuwaandikie.