Luigi wa Savoia: Mwanamaji Aliyefika Kilele cha Ruwenzori

Askari aliyelala hata usiku mmoja juu ya milima ya Ruwenzori hahitaji kuelezwa ubaridi wake. Waliopelekwa huko kupambana na waasi wa ADF baada ya mwaka 1996 wanaukumbuka ukungu usioondoka, matope yanayomeza buti hadi magotini, na mvua inayonyesha karibu kila siku. Wanakumbuka pia, yamkini, majina ya ajabu yaliyomo katika ramani: Margherita, Alexandra, Elena, Vittorio Emanuele. Hayo si majina ya Wakonjo, wenyeji wa milima hiyo, ambao tangu kale huiita theluji Nzururu na huamini kuwa Mungu wao Kitasamba hukaa huko juu. Majina hayo yaliwekwa na ofisa mmoja wa jeshi la majini la Italia aliyekaa milimani kwa majuma machache tu, mwaka 1906. Ofisa huyo ni Luigi Amedeo wa Savoia, Duki wa Abruzzi.

Alizaliwa katika jumba la kifalme mjini Madrid tarehe 29 Januari, 1873, kwa kuwa baba yake, Mwitaliano, alikuwa amechaguliwa kuwa mfalme wa Hispania. Siku kumi na tatu baadaye baba huyo aliuacha ufalme uliomshinda, na jamaa yote ikarejea Italia. Mama yake alifariki mwaka 1876. Luigi aliingizwa katika jeshi la majini angali mtoto, na huko ndiko alikopata malezi yake.

Bahari ilikuwa kazi yake, lakini moyo wake ulikuwa milimani. Mwaka 1897 aliongoza msafara hadi mlima Saint Elias huko Alaska, wenye urefu wa mita 5,489, ambao haukuwa umepandwa na mtu. Tarehe 31 Julai watu wote kumi walifika kileleni, bila hata mmoja kubaki nyuma. Waliomfuata mara kwa mara katika safari za namna hiyo ni viongozi wa njia kutoka Courmayeur, kijiji kilicho chini ya milima ya Alps. Mkubwa wao aliitwa Joseph Petigax. Duki alikuwa mtoto wa ukoo wa mfalme, lakini penye barafu alimfuata Petigax mkulima kama kuruta anavyomfuata sajini. Hilo, kwa maoni yetu, ndilo lililomwokoa mara nyingi kuliko ushujaa.

Safari ya pili ilimfunza uchungu wa uongozi. Mwaka 1899 alielekea ncha ya kaskazini ya dunia kwa meli iliyoitwa Stella Polare. Baridi ilimgandisha mkono hata ikabidi sehemu za vidole viwili zikatwe, na hivyo hakuweza kuongoza mwendo wa mwisho juu ya bahari ya barafu. Alimkabidhi amri Kapteni Umberto Cagni, ambaye tarehe 25 Aprili, 1900, alifika nyuzi 86 na dakika 34, mbali kuliko mtu yeyote kabla yake. Lakini watu watatu waliorudishwa njiani ili kupunguza walaji wa chakula hawakuonekana tena. Walitafutwa bila mafanikio.

Mwaka 1906 ndipo ilipofika zamu ya Ruwenzori. Stanley alikuwa ameiona theluji yake mwaka 1888, na baada yake wakaja wengi waliopanda wakazuiwa na ukungu. Hakuna aliyejua kilele kirefu kiko wapi. Duki aliondoka Naples mwezi Aprili, akashuka Mombasa, akapanda gari-moshi hadi Kisumu, akavuka ziwa kwa meli hadi Entebbe. Kutoka hapo alitembea kwa miguu karibu kilomita 300 hadi Fort Portal, akiwa na mamia ya wapagazi. Kila mzigo ulikuwa umefungwa na kuhesabiwa tangu Italia: mahema, vyakula, vyombo vya kupimia, kamba, na sahani za vioo za mpiga picha Vittorio Sella.

Katika bonde la Mubuku kazi iliwaangukia Wakonjo. Watu hawa walipanda peku, wakiwa na mizigo vichwani na mgongoni, juu ya mizizi yenye utelezi na mawe yaliyofunikwa kuvumwani, hadi kwenye mwamba wa Bujongolo, urefu wa mita 3,800 hivi. Mwamba huo umeinama ukafanya paa, na chini yake ndipo kambi kuu ilipowekwa. Tarehe 10 Juni Duki alipanda mlima Baker. Ukungu ulipofunguka kidogo akaona kwamba vilele virefu zaidi viko upande wa magharibi, ng'ambo ya bonde refu. Basi ikabidi kuuvuka mgongo wa milima, kushuka upande wa pili hadi maziwa ya Kitandara, na kupanda upya.

Yafaa tueleze mabonde hayo. Ruwenzori si milima ya moto kama Kilimanjaro au Elgon. Ni pande kubwa la mawe ya kale lililoinuliwa kutoka chini, kando ya Bonde la Ufa. Zamani barafu yake iliteremka mbali sana, ikiburura mawe na kusaga kila kilichokuwa mbele yake. Kwa hiyo mabonde ya huko yana kitako kipana na kuta zilizosimama wima, na kila mahali barafu ilipotua ikaacha kifusi, maji yakazuiwa yakawa ziwa au kinamasi.

Alfajiri ya tarehe 18 Juni, Duki aliondoka hemani pamoja na Petigax, César Ollier na Joseph Brocherel, wote wanne wamefungana kamba moja. Walifika Alexandra asubuhi. Ukungu ukawafunika, wakateremka kwenye shingo baina ya vilele viwili, wakaanza kuupanda mteremko wa barafu wasiouona mwisho wake. Karibu na kilele ukingo wa theluji uliwafunga njia kama dari. Ollier akasimama imara, Petigax akampanda mabegani kwa viatu vyenye misumari, akaukata ukingo kwa shoka akapita. Ndivyo walivyofika Margherita, mita 5,109 juu ya bahari. Duki alikunjua bendera ndogo aliyopewa na malkia mwenyewe wa jina hilo. Katika majuma yaliyofuata vilele vyote vikuu vilipandwa na kupimwa, na ramani ikachorwa.

Viongozi watatu wa Courmayeur wametajwa vitabuni kwa majina. Wakonjo waliobeba mizigo hawakutajwa hivyo, ijapokuwa bila wao hakuna aliyefika hata Bujongolo. Leo wajukuu wa watu wale ndio wanaowaongoza wageni katika safari ya siku saba hivi, kutoka Nyakalengija kupitia Nyabitaba na Bujuku, kisha kurudi kwa njia ya Kitandara, katika hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1991. Barafu aliyoikuta Duki ilikuwa juu ya milima sita. Sehemu yake kubwa imekwisha kuyeyuka, na iliyosalia iko hasa juu ya mlima Stanley.

Mwaka 1909 alikwenda K2 akashindwa, lakini katika mlima Chogolisa alifika karibu mita 7,500, kimo ambacho binadamu hakuwa amekifikia kwa miguu. Vita vya 1914 vilipozuka alikuwa mkuu wa majeshi ya majini ya Italia. Katika majira ya baridi ya 1915 na 1916 meli zake zilishiriki kuwavusha askari wa Serbia zaidi ya laki moja kutoka pwani ya Albania, wenye njaa na maradhi. Mwezi Februari 1917 aliuacha uongozi huo.

Sehemu ya mwisho ya maisha yake aliitumia Somalia. Mwaka 1920 alianzisha shirika la kilimo kando ya mto Shabelle, mto ambao askari wa Uganda waliotumwa Somalia tangu mwaka 2007 wanaufahamu. Alijenga mabwawa na mifereji, akapanda miwa, pamba na ndizi, na mwaka 1928 akaufuata mto hadi chimbuko lake Ethiopia. Wapo wanaomsifu kwa hayo. Ni lazima kusema pia kuwa mashamba ya Waitaliano katika nchi hiyo yalilimwa na watu wengi waliolazimishwa na serikali ya kikoloni, na kwamba faida haikuwa yao.

Alipojua kuwa ugonjwa wake hauna dawa, aliiaga Italia akarudi katika kijiji kilichoitwa kwa jina lake, ambacho sasa ni mji wa Jowhar. Alifariki huko tarehe 18 Machi, 1933, akiwa na umri wa miaka 60, akazikwa papo hapo kando ya mto, kama alivyotaka mwenyewe.