August Kekulé

Friedrich August Kekulé (Darmstadt, 7 Septemba 1829 – Bonn, 13 Julai 1896) alikuwa mwanakemia kutoka nchini Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kueleza umbo la benzini, hidrokaboni ambayo atomi zake sita za kaboni zimeshikana kama pete.

Alianza kusoma usanifu majengo huko Giessen, lakini mihadhara ya Justus von Liebig ilimvuta kwenye kemia. Mwaka 1858 alionyesha kwamba kila atomi ya kaboni ina miungo minne na kwamba atomi hizo zinaweza kuungana kama mnyororo. Archibald Scott Couper wa Uskoti alifikia wazo hilohilo mwaka uleule. Kekulé akawa profesa mjini Ghent, Ubelgiji. Mke wake wa kwanza alifariki huko mwaka 1863 baada ya kumzaa mtoto wao wa kiume.

Benzini ilikuwa fumbo tangu Michael Faraday alipoitenga mwaka 1825. Ni kiowevu kisicho na rangi, chenye harufu tamu (ingawa mvuke wake ni sumu inayoweza kuleta kansa ya damu). Huelea juu ya maji, huchemka kwenye sentigredi 80 na kuganda kwenye 5.5. Kwa fomula yake, C6H6, hidrojeni ni chache mno, hivyo ilitazamiwa kuipokea bromini upesi. Haikufanya hivyo: bromini iliingia kwa shida, tena kwa kuiondoa hidrojeni na kukalia nafasi yake.

Mwaka 1865 Kekulé alipendekeza pete. Katika pete nafasi zote sita ni sawa, ndiyo maana hidrojeni moja ikibadilishwa hupatikana kampaundi ya aina moja tu. Baadaye alisimulia kwamba aliiona akisinzia, kwa mfano wa nyoka anayeuma mkia wake. Wanahistoria kadhaa wanalitilia shaka simulizi hilo, kwa kuwa Josef Loschmidt alikwisha kuichora benzini kama duara mwaka 1861.

Pete hiyo imo hata katika mafuta ya ganda la korosho, yale yanayowaunguza mikono wabanguaji wa Newala na Masasi: molekuli yake ni pete ya benzini yenye mkia wa kaboni 15.

Kuanzia 1867 alifundisha Bonn hadi kifo chake. Wanafunzi wake van 't Hoff, Fischer na Baeyer walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia miaka ya 1901, 1902 na 1905.